Balbu Mbili, Betri Mbili

Darasani kwetu palizuka ubishi: je, balbu mbili zikitumia betri zile zile, si zitawaka sawa hata ziungwe vipi? Tulikwenda maabara tujionee. Tulichukua betri mbili za tochi, kila moja volti 1.5, na balbu mbili za aina moja.

Kwanza tuliziunga kwa mfuatano, yaani mkondo upite balbu ya kwanza ndipo uingie ya pili. Zikawaka hafifu kama kibatari kinachoishiwa na mafuta, kwa sababu zile volti 3 ziligawanywa, kila balbu ikapata 1.5 tu. Halafu tukaziunga sambamba, kila moja na njia yake. Lo! Ziling'aa kweli kweli, maana sasa kila moja ilipata volti 3 nzima. Tena ukitoa moja, mwenzake hana habari. Katika mfuatano ukitoa moja, giza totoro. Ndiyo maana taa za nyumbani huungwa sambamba.

Lakini mwanga huo una bei. Ukinzani wa balbu usipobadilika, betri za sambamba hutoa mkondo mara nne ya zile za mfuatano, kwa hivyo huisha upesi. Sisi wa kutwa ambao kwetu stima haijafika na tunadurusu kwa tochi, hapo fizikia inagusa mfuko. Mimi naonelea afadhali balbu moja pekee: inang'aa kama kila moja ya zile za sambamba, na betri zinatoa nusu tu ya mkondo.