Usafi wa Vioo vya Darubini

Katika Lopur, karibu na Kakuma, Turkana, vumbi haliwachi kitu, wala kioo chembamba kinachofunika tone chini ya darubini.

Turkana inajulikana kwa ugonjwa wa tegu wa mbwa, ambao huwatia watu uvimbe wenye maji, hasa katika ini. AMREF ilianza kazi ya kuupinga huko mwaka 1983. Tone la maji ya uvimbe likitazamwa, huonekana vichwa vidogo vya tegu vyenye duara la kulabu. Basi kulabu za mgonjwa wa jana zikibaki juu ya kioo, mgonjwa wa leo aweza kuambiwa ana ugonjwa asio nao!

Afadhali kutumia kioo kipya. Anayeagiza atake namba 1.5, unene wa milimita 0.17. Ikibidi kurudia, kwanza kilowekwe katika dawa ya kuua vijidudu, kisha kioshwe kwa sabuni, kikishikwa ukingoni tu. Maji ya chumvi huacha madoa. Kisuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa, halafu spiriti. Kitambaa kisitoe nyuzi, kwani uzi mmoja hufanana na mnyoo. Kilichopasuka hutiwa katika mkebe wa vitu vikali, mbali na watoto.