SOMO LA KIKUNDI: TAREHE 5 JULAI

Kule Mbita tuliwauliza vijana swali moja: Tom Mboya ni nani? Mmoja akajibu upesi, "Ni barabara ya matatu Nairobi." Watu wakacheka. Nyanya mmoja muuza omena hakucheka. Alituambia kwamba siku ile alikuwa msichana, na ugali uliungua jikoni kwa sababu nyumba nzima ilikimbilia redio ya jirani.

Basi siku yenyewe ni Jumamosi, 5 Julai 1969. Mboya, Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi, alipigwa risasi akitoka duka la dawa Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Kaburi lake liko Rusinga, na jengo lake lina umbo la risasi.

Vikundi vingi hukwama hapo: nani alituma, kabila gani. Tumeona mkutano ukivunjika kwa maneno hayo. Sisi tunashauri muanze na kazi yake. Alikuwa bwana afya wa jiji la Nairobi, akalipwa chini sana kuliko Mzungu wa kazi ile ile. Akaingia chama cha wafanyakazi. Mwaka 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza mkutano wa Waafrika wote kule Accra.

Halafu habari ya ndege. Vyuo vya Marekani vilikubali kuwasomesha vijana wetu, lakini nauli je? Mboya alizunguka kule akichangisha. Mchezaji Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte wakamsaidia, na Septemba 1959 wanafunzi 81 wakaondoka. Wangari Maathai alifuata mwaka 1960. Mzazi anayehangaikia basari leo ataielewa habari hii bila kufafanuliwa.

Ndugu zetu wa Migori msiseme huyu ni wa watu wa ziwani. Mboya hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, baba yake akiwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Kule Awendo si wapo watoto wengi waliozaliwa kwenye miwa ya watu? Tena mnayo Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizojengwa bila saruji wala udongo, zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2018. Hiyo nayo itafutiwe siku yake.

Alikeni wazee wawili, mmoja awe mama. Kijana mwenye daftari aandike. Mzee akikosea tarehe msimkatize, mtaisahihisha baadaye. Na msingoje Julai. Yule nyanya wa Mbita tulimwahidi kurudi. Tulirudi tukakuta matanga, na daftari letu lina kurasa mbili tu.

Maswali: Ulikuwa wapi habari ilipofika? Nani alikueleza? Kijijini kwenu nani alisomeshwa kwa michango, na baadaye alimsaidia nani?