SOMO LA KIKUNDI: TAA CHINI YA BONETI

Somo letu ni kwa vikundi vyenye gari, iwe ni pikapu ya kubeba maziwa au lori dogo la mavuno. Msomeeni pia dereva na tanboi wake.

Kwa nini somo hili?

Gari halichagui saa ya kuharibika. Linaweza kuzima saa mbili usiku likimpeleka mama mjamzito hospitalini. Boneti inafunguliwa, giza tupu, na mtu mmoja anauliza, "Nani ana kiberiti?" Hapo ndipo hatari inapoanza. Betri ikichajiwa hutoa gesi ya hidrojeni. Gesi hiyo haionekani wala hainuki, lakini ikiguswa na moto inaweza kupasua betri na kurusha asidi machoni. Mvuke wa petroli nao hauhitaji zaidi ya cheche moja. Kwa hivyo kiberiti, koroboi na mshumaa ni marufuku karibu na injini.

Tochi ni nzuri, lakini huisha mawe. Simu huisha chaji. Taa iliyofungwa chini ya boneti huwaka boneti ikifunguliwa na kuzima ikifungwa, na mikono yote miwili inabaki huru kufanya kazi.

Vitu vinavyohitajika

• Taa ndogo ya LED isiyoingia maji, ya wati 3 hadi 5. Magari madogo hutumia volti 12. Malori mengi hutumia volti 24, kwa hivyo ulizeni kabla ya kununua.
• Swichi ya kubonyeza, kama ile ya mlango wa gari.
• Fyuzi ya ampea 3 na kishikio chake.
• Waya wa gari wenye nyuzi nyingi laini, milimita 1 ya mraba. Msitumie waya mgumu wa stima ya nyumba, maana hukatika kwa mtikisiko.
• Mipira ya kupitishia waya, vibano vya plastiki na tepu nyeusi.

Jinsi ya kufunga

1. Fanyeni kazi mchana, injini ikiwa imezimwa na imepoa.
2. Ondoeni kwanza waya wa hasi (–) kwenye betri. Mkianza na chanya (+), spana ikigusa bodi ni shoti.
3. Fungeni taa upande wa ndani wa boneti, mbali na feni, mikanda na bomba la moshi.
4. Fungeni swichi mahali ambapo boneti ikishuka itaibonyeza. Kwanguni rangi chini yake ili chuma kiguse chuma, kwa sababu bodi ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri.
5. Toeni waya kutoka chanya ya betri hadi kwenye fyuzi, kutoka fyuzi hadi kwenye waya wa chanya wa taa. Waya wa hasi wa taa uende kwenye swichi. Angalieni waya huo usiguse bodi mahali pengine, la sivyo taa haitazima.
6. Karibu na bawaba za boneti acheni waya ulegee kidogo, usije ukavutwa kila boneti inapofunguliwa. Kila tundu la chuma waya unapopita liwekwe mpira.
7. Rudisheni waya wa hasi wa betri mwisho kabisa. Kisha bonyezeni swichi kwa kidole: taa izime. Kukiwa giza, fungeni boneti mchungulie kwenye grili. Mkiona mwanga, swichi haijabonyezwa vizuri.

Fyuzi ndiyo mlinzi

Fundi wa haraka atawaambia, "Taa ni ndogo, fyuzi ya nini?" Msikubali. Fyuzi hailindi taa, inalinda waya na gari zima. Siku waya utakapochunika na kugusa bodi, betri itasukuma umeme wake wote hapo. Waya utakuwa mwekundu kama kaa la moto, na karibu yake kuna oili na petroli. Fyuzi ikiwepo, itakatika mara moja na mambo yaishie hapo. Iwekeni karibu kabisa na betri, kwa maana kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Fyuzi ikikatika, tafuteni sababu kwanza, kisha wekeni nyingine ya ampea 3. Kuifunga kwa karatasi ya sigara au uzi wa waya ni kumfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango.

Hesabu kidogo

Gawanyeni wati kwa volti mpate ampea. Balbu ya kawaida ya wati 21 kwa volti 12 inakula ampea 1.75. Ikisahaulika ikiwaka saa 12, imekula ampea-saa 21, karibu nusu ya betri ya 50. Asubuhi mtasukuma gari! LED ya wati 3 itakula ampea-saa 3 tu kwa muda huo huo.

Ikiwa gari lenu ni la kisasa lenye kompyuta, au hamna uzoefu, mwiteni fundi wa waya. Lakini msimameni kando na kijarida hiki mkononi, mwone fyuzi ikiwekwa.

Maswali ya kujadili

1. Gari letu likizima usiku, dereva hutumia mwanga gani?
2. Je, kuna fyuzi iliyofungwa kwa karatasi katika gari letu? Nani atakagua, na lini?
3. Pesa za kazi hii zitatoka mfuko gani, na nani ataandika risiti?

Katika Mathayo 25 tunasoma juu ya wanawali kumi. Wote walikuwa na taa, lakini watano tu walijitayarisha kabla ya usiku wa manane. Gari la kikundi ni jasho la wengi. Tulitayarishe mapema. Mungu awabariki.