Git inakataa kurekodi mabadiliko yangu

SWALI: Natunza tovuti ya nyumba ya wageni hapa Shangani, Mji Mkongwe. Nimebadilisha bei na ukurasa wa safari za Jozani, lakini nikiandika git commit naambiwa hakuna mabadiliko yaliyoongezwa. Nifanyeje?

JIBU: Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hurekodi kwa hatua mbili: kwanza unachagua, kisha unathibitisha. Wewe umeruka hatua ya kwanza.

Anza na git status uone mafaili yaliyobadilika. Kisha andika:

git add bei.html
git commit -m "Rekebisha bei za msimu wa Julai"

Rudia hivyo hivyo kwa jozani.html, na ujumbe wake peke yake. Tafadhali usiyachanganye: kesho bei zikiwa na kosa, utazirudisha bila kugusa ukurasa wa Jozani.

Ipo njia ya mkato, git commit -a, ila huacha mafaili mapya ambayo Git haijaanza kuyafuatilia.

Kumbukumbu hizo hukaa kwenye kompyuta yako, kwa hiyo hata intaneti ikikatika endelea kurekodi. Ikirudi, zitume kwa git push.