Herufi Ndogo kwenye Sarafu za Zamani: Maswali ya Wakazi wa Voi na Taveta

Herufi iliyo upande wenye mwaka ni ya nini?

Ni alama ya kiwanda kilichoipiga chapa. Kwenye shilingi ya simba ya Afrika Mashariki, H ni Heaton wa Birmingham, KN ni King's Norton wa mji huohuo, I ni Bombay na SA ni Pretoria. Isiyo na herufi kwa kawaida ni ya London. Bombay na Pretoria ziliingia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Kwa hiyo herufi inathibitisha kwamba ni fedha?

La, na hapa ndipo watu hupunjwa. Shilingi hizo hadi ya 1946 zina robo tu ya fedha. Moja ina uzito wa karibu gramu 7.8, yaani fedha isiyofika gramu 2. Kupata wakia moja ya sonara unahitaji shilingi 16. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Shilingi yenye KN ni ya kipindi hicho cha pili, kwa hiyo anayekuuzia kwa bei ya fedha mwambie aende zake.

Na zile za Wajerumani?

Rupia ya fedha ya 1904 hadi 1914 ina A (Berlin) au J (Hamburg). Ina gramu 11.66, fedha karibu asilimia 92: zaidi ya mara tano ya fedha iliyo katika shilingi ya simba.

T ni Tabora. Mwaka 1916, meli za Waingereza zikiwa zimefunga pwani, Wajerumani walipiga sarafu zao wenyewe huko: heleri 5 na 20 za madini ya kawaida, na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Ya fedha haikuwepo. Hiyo ya dhahabu ina bandia nyingi, na mara nyingi huja na hadithi kwamba imechimbuliwa kwenye handaki la Mjerumani pale Salaita. Hadithi tamu, ila Wajerumani waliondolewa Taveta Machi 1916, nayo dhahabu ya Tabora ilianza kupigwa chapa baada ya hapo.

Riale yenye picha ya mwanamke, ya 1780?

Ni ya Maria Theresa, iliyotumika sana katika biashara ya misafara. Zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne ya 20. S.F. chini ya picha ni vifupisho vya majina ya maofisa wawili wa kiwanda. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, fedha asilimia 83. Pima kabla ya kuamini.

Niing'arishe?

Usiiguse kwa majivu wala dawa ya meno. Mkusanyaji hulipia sura yake ya asili.

Nikiichimbua shambani?

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale. Riale inaweza kuangukia hapo. Shilingi ya simba haiwezi. Ukiwa na shaka, wapelekee Makumbusho ya Taifa kabla hujamwonyesha broka.