Amri ya Saba: Sura iliyo juu ya feza

Katika Injili ya Mtakatifu Mateo, mlango wa 22, watu wanamletea Bwana Yesu dinari moja, naye anawauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Ilikuwa sura ya Kaisari, mfalme wa Roma. Wakatekumeni wengi wanalijua jibu alilotoa Bwana baadaye. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini sura ile iliwekwa pale. Dinari ilikuwa kipande cha feza, yale madini meupe, na sura ya mfalme ilikuwa neno lake kwa watu wote wa sokoni: kipande hiki ni kizima, kipokeeni pasipo kukipima. Kibarua wa shamba la mizabibu alifanya kazi mchana kutwa apate dinari moja. Hakuwa na mizani nyumbani kwake. Aliiamini sura.

Basi Nero, Kaisari yuleyule aliyewatesa Wakristo wa kwanza wa Roma, karibu na mwaka 64 alianza kupunguza feza iliyomo ndani ya dinari na kutia shaba mahali pake. Sura ilibaki ileile, lakini neno lilikwisha vunjika. Wafalme waliomfuata walizidi kufanya vivyo hivyo.

Wazee wa Katanga hawakuhitaji sura ya mfalme. Walitumia misalaba midogo ya shaba, nayo imeonekana katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale. (Asidhani mtu kwamba ilikuwa misalaba ya dini, ni umbo tu.) Aliyeukataa msalaba ule sokoni aliweza kuuyeyusha, akapata bangili. Noti haiyeyushwi. Noti ni ahadi iliyoandikwa juu ya karatasi, na ahadi ikivunjwa, hakuna kinachobaki mkononi.

Watu wa Kongo walijifunza jambo hili kwa machozi. Mwaka 1967 Serikali ilitoa feza mpya, jina lake zaire, na zaire moja ilipata dolari mbili za Marekani. Mwaka 1979, siku ya Noeli yenyewe, lilitoka tangazo kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina nguvu tena, na mwenye nazo azibadilishe katika siku chache. Wa mjini walikimbilia mlango wa banki, na hata huko kiasi cha kubadilisha kiliwekewa mpaka. Lakini aliyekaa kijijini, mwendo wa siku nyingi toka banki, aliyeuza kahawa yake na kuficha noti ndani ya chungu, angefanya nini? Siku zilipopita, chunguni hamkuwa na mali tena, ijapokuwa hakuna mwizi aliyekigusa.

Hayakuishia hapo. Serikali ilipokosa feza ya kulipia matumizi yake, ilipiga noti nyingine, na kila noti mpya ilizipunguzia nguvu zile za zamani. Ikatoka noti ya zaire 5,000,000. Wachuuzi waliikataa, na mwezi wa Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaasi mjini Kinshasa, na watu wengi wakafa. Mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za kale, na mwaka 1998 falanga, moja kwa zaire mpya 100,000. Mwenye kupenda hesabu azidishe: falanga moja ilishika mahali pa zaire za kale 300,000,000,000. Amri ya Saba haimkatazi tu yule aingiaye nyumba ya mtu usiku.

Ndiyo sababu hata leo Wakongo wengi hutaja bei ya kiwanja, ya pikipiki na pengine ya mahari kwa dolari. Lakini dolari nayo ni ahadi. Mwaka 1944, huko Bretton Woods, wajumbe wa nchi 44 walipatana juu ya feza za dunia, na Marekani ilikuwa tayari kuzipa serikali nyingine dhahabu gramu 31 hivi kwa kila dolari 35. Jumapili, tarehe 15 Agosti 1971, Wakristo waliposherehekea Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, Rais Nixon alitangaza kwamba dhahabu haitolewi tena. Hata hivyo dolari haikufa, kwa maana petroli, shaba na madini mengine huuzwa kwa hiyo, na kila nchi inaihitaji. Anayepiga feza ambayo wengine wote wanaihitaji anashika nguvu kubwa juu yao. Mwaka 2022, kwa sababu ya vita ya Ukraini, Marekani na nchi za Ulaya zilifunga akiba ya Urusi iliyowekwa katika mabanki yao. Somo hili halihukumu neno hilo. Lakini tangu hapo nchi nyingine zinajiuliza akiba zao zikae kwa nani.

Wakubwa watatoa hesabu yao mbele ya Mungu. Mkatekumeni ana hesabu yake mwenyewe. Katika masoko ya Kongo dolari iliyopasuka hata kidogo hukataliwa. Mtu amelipwa noti ya namna hiyo pasipo kuiangalia. Anangoja magharibi, anaikunja vizuri, anampa mama mzee ambaye macho yake hayaoni sawasawa, anachukua unga na chenji. Anasema: Nami nilidanganywa. Ni kweli, alidanganywa, lakini si na mama yule. Kama angalimwonyesha mpasuko, naye mama akakubali kuipokea kwa bei ndogo, pasingekuwa na dhambi. Aliuficha, basi ameiba unga na chenji.

Wengine hudhani kwamba mambo kama hayo yataoshwa siku ya Ubatizo. Ubatizo huondoa dhambi zote, kubwa na ndogo. Haufuti deni. Unga ni wa mama yule hata baada ya maji kumwagwa, na mtu huyo anajua nyumba yake iko wapi. Akiona haya, ampe mtoto noti nzima aipeleke.