Saa ya Kiswahili na Saa ya Simu: Kuhesabu Muda wa Kazi ya Usiku Kisiwani Mfangano

Kisiwa cha Mfangano kimo katika Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay, kusini kidogo mwa Ikweta. Wenyeji wake ni Abasuba, ambao wengi wao huzungumza Dholuo, huku Kiswahili kikitumika shuleni, ofisini na baina ya wageni wanaokutana ufuoni. Makala haya yanachunguza tatizo la kiisimu lenye athari mfukoni, yaani mgongano wa saa ya Kiswahili na saa ya simu ya mkononi pale mfanyakazi wa usiku anapoweka kumbukumbu ya muda wake wa kazi.

Kiswahili kina vipimo vya kazi visivyohitaji saa. Mtu hushinda shambani au hukesha ziwani. Kibarua cha kutwa huisha jua linapotua. Wavuvi wa omena, yaani dagaa, huvua kwa taa katika usiku wa giza na kupumzika mwezi unapokuwa mpevu. Kwa kuwa malipo yao kwa kawaida ni fungu la mapato ya samaki, mwezi huwatosha. Hesabu ya saa huwa na uzito anapoajiriwa mtu kwa mshahara, mathalani wa kupokea na kupima samaki usiku.

Ieleweke kwamba saa ya Kiswahili hutofautiana na ya kimataifa kwa saa 6, na utaratibu huu haumo pwani pekee; Dholuo na Luganda pia huhesabu hivyo. Aghalabu husemwa kwamba saa hii hufuata jua. Kauli hiyo ni kweli nusu tu. Kenya nzima hutumia wakati wa longitudo ya 45 Mashariki, ilhali Mfangano iko karibu na ya 34. Kwa hiyo ifikapo saa 12 asubuhi kisiwani, jua huwa bado halijachomoza kwa takriban dakika 40, wakati Lamu hukaribia robo saa tu. Saa ya Kiswahili, basi, ni kaida ya lugha zaidi kuliko uchunguzi wa anga.

Chukulia mfanyakazi anayeanza zamu saa 1 usiku na kuimaliza saa 12 asubuhi. Amefanya kazi saa 11; kwa siku 6 ni saa 66. Amri ya jumla ya mishahara nchini Kenya huweka kikomo cha saa 60 kwa wiki kwa kazi ya usiku, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Anastahili saa 6 za ziada. Iwapo atayaandika mwenyewe majira yote mawili kwa Kiswahili, 1:00 na 12:00, hesabu ya muda haidhuriki. Madhara huja mifumo inapochanganywa: usiku mmoja anaandika 1:00 ya kuanza, kisha anabonyeza kitufe cha kumaliza na simu inaweka 6:00. Kumbukumbu itaonyesha saa 5 badala ya 11, jumla ya wiki itakuwa 60 kamili, na malipo yote ya ziada yatatoweka. Hakuna aliyedanganya.

Tarehe nayo huleta utata. Kiswahili husema usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili na kuuona kuwa usiku mmoja. Simu huukata saa 6 usiku na kuziweka saa 6 za mwisho katika Jumapili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Ikiwa siku yake ni Jumapili, je, amepumzika?

Kiini cha tatizo si kwamba saa ya Kiswahili ina kasoro. Katika usemi, tarakimu haitembei peke yake. Huandamana na neno kama vile alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na "saa 1 usiku" haina utata wowote. Kisanduku cha programu hudai tarakimu tupu, na hapo ndipo maana hudondoka. Programu inayopokea neno hilo pamoja na tarakimu ingeweza kubadili yenyewe na kuonyesha zote mbili, 19:00 na saa 1 usiku, kabla mfanyakazi hajathibitisha. Kubonyeza kitufe mwanzo na mwisho kungetosha pia, mradi betri ya simu, ambayo pia hutumika kama tochi, ifike asubuhi.